Gari linatetemeka? Usikimbilie kununua shokapu

Corolla yangu ya mwaka 2001 ilianza kutetemeka kwenye barabara ya Morogoro, kila ikivuka spidi 80. Fundi wa kwanza akasema shokapu. Nikanunua zote nne, mtetemo ukabaki palepale. Fundi wa pili akachomoa tairi la mbele kushoto, akapitisha mkono ndani ya rimu na kubandua bonge la udongo mkavu lenye ukubwa wa kiganja. Wiki moja kabla nilikuwa nimetoka shamba, barabara yote tope. Udongo ulipotoka, gari likatulia. Tangu siku hiyo sinyamazi nikisikia mtu anaambiwa anunue spea kabla gari lake halijapandishwa jeki.

Dhana: Gari likitetemeka, shokapu zimekufa.

Ukweli: Shokapu kazi yake ni kutuliza springi. Ikifa, gari litanesanesa baada ya tuta, pua itainama sana ukifunga breki, na mara nyingi utaona mafuta yakichuruzika mwilini mwake. Ikiachwa muda mrefu, tairi hulika mabonde mabonde na hayo mabonde huleta mtetemo, lakini hapo hata shokapu mpya haitanyoosha tairi lililokwisha kuharibika.

Cha kujiuliza kwanza ni mtetemo unakuja lini. Ukianza kwenye 80 au 90 na kupungua ukizidisha mwendo, anza na balansi (usawa wa uzito wa gurudumu), rimu iliyopinda na tairi. Ukiusikia mikononi kwenye usukani, tafuta mbele; ukiusikia kwenye kiti, tafuta nyuma. Ukija unapokanyaga breki tu, kagua diski. Ukija unapokanyaga mafuta kupanda mlima na kuisha ukiachia, jointi ya ndani ya draivushafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, ndiyo ya kutazamwa. Na gari la otomatiki likitetemeka limesimama kwenye taa likiwa D (gia ya kwenda), kisha likatulia ukiweka N (gia huru), kagua mauntini za injini, yaani mipira inayoishikilia.

Dhana: Alaimenti itamaliza tatizo.

Ukweli: Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, hurekebisha gari linalovuta upande au kula tairi. Mtetemo haiugusi. Na kuifanya huku tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) inacheza ni kutupa hela, maana vipimo havitakaa.

Unaweza kupima mwenyewe huko kucheza. Pandisha gari, liweke kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, anza na tairodi. Likicheza juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki na ulitikise tairi tena: mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukibaki tazama bol-jointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake.

Dhana: Bushi mpya zikifa mapema, ni feki.

Ukweli: Huenda ni feki kweli, ila mara nyingi zimeuawa siku ya kufungwa. Bushi ni mpira ulio kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu, nao umeshikana na bomba la chuma katikati. Nati ikikazwa tairi likiwa linaning'inia, mpira unashika mkao huo. Gari likishuka chini, unabaki umejisokota saa zote, hata ukilala umeegesha, na baada ya muda unachanika. Mwombe fundi akaze kwa mara ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Wengi hawapendi, kwa sababu inawabidi wajipenyeze chini ya gari. Simama hapo hapo mpaka ifanyike.

Dhana: Tairi lenye kashata nyingi (meno ya mpira yanayogusa barabara) bado ni zima.

Ukweli: Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Waya za ndani za tairi kuukuu huweza kuachana na mpira, na tairi likavimba mahali pamoja. Balansi haitaondoa uvimbe huo. Gurudumu likiwa hewani, simamisha kijiti karibu na uso wa tairi, ulizungushe polepole kwa mkono: palipovimba patakigusa.