Proshuto Haiguswi na Moshi: Dhana Potofu Kuhusu Nyama za Nguruwe za Italia

Wengi huamini kwamba proshuto ya Parma, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, hutiwa moshi. Ukweli ni kwamba paja hilo halikaribii moshi hata siku moja. Hupakwa chumvi, hulazwa kwenye baridi, kisha hutundikwa lipigwe na upepo wa vilima vya Langhirano hadi litimize angalau miezi 14, na sehemu isiyo na ngozi husilibwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na chumvi na unga wa mchele ili isikauke kupita kiasi. Moshi ni wa speki, paja jingine la nguruwe kutoka Alto Adige, mpakani na Austria, ambalo hufukizwa taratibu katika joto lisilozidi nyuzi 20.

Dhana inayonikera zaidi ni ile inayodai kwamba proshuto, kwa kuwa haikupikwa, ni nyama mbichi iliyoachwa tu. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama, na vijidudu vinavyoozesha hukosa unyevu wa kuzaliana. Isitoshe, kabla ya paja kupigwa chapa ya taji lenye ncha tano, mkaguzi hulichoma kwa sindano ya mfupa wa farasi na kuinusa papo hapo. Mfupa huo hunasa harufu upesi na kuipoteza upesi, hivyo mkaguzi huweza kuchoma sehemu nyingine bila kuchanganya harufu. Hata hivyo, wajawazito hushauriwa kuepuka nyama zisizopikwa, na ushauri huo ni wa kuzingatiwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba nyama hizi zote ni kitu kimoja chenye majina tofauti. Mortadela, soseji nene ya Bologna, hupikwa. Gwanchale, inayoungwa kwenye mchuzi wa Amatrice, ni shavu la nguruwe, ilhali pancheta ni tumbo. Nduya, soseji ya Spilinga kule Calabria, ni laini ya kupakwa kwenye mkate na huwa nyekundu kwa pilipili kali. Kijijini Colonnata, mafuta ya mgongo wa nguruwe hupangwa pamoja na chumvi, pilipili manga, rozmari na vitunguu saumu ndani ya mabeseni ya marumaru ya Carrara, yakakaa humo angalau miezi sita.

Si zote za nguruwe, vilevile: bresaola ya Valtellina ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Na soseji ya peperoni inayotandazwa juu ya piza ilizaliwa Marekani. Ukiagiza piza ya peperoni nchini Italia, utaletewa yenye pilipili hoho, maana ndizo ziitwazo peperoni kwa Kiitaliano.