Raundi nyingi haziui injini ndogo

Gereji nyingi za Kampala zina wosia mmoja: pikipiki ya sporti ya cc 150 ukiipigisha raundi nyingi, yaani mizunguko mingi ya injini kwa dakika, injini inakufa mapema, kwa hiyo panda gia upesi. Kwa Bajaj Boxer, pikipiki ya boda, iliyoundwa kuvuta mzigo kwa raundi za chini, wosia huo una maana kiasi. Kwa Yamaha R15 hauna. Injini yake ya cc 155 hutoa nguvu zake zote, takriban farasi 18, ikifika raundi 10,000 kwa dakika, na inapozwa kwa maji ya rejeta. Raundi 7,000 kwake ni kazi ya kawaida.

Kinachoiumiza ni kuibana. Unapanda kilima cha Muyenga kwa gia ya tano, raundi 2,500, halafu unavuta mafuta hadi mwisho: injini inagonga, cheni inarukaruka, vioo vya pembeni vinatetemeka. Kila mlipuko unaisukuma pistoni inayokwenda polepole, na beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ndizo zinazobeba adhabu. Shusha gia mbili; sauti itapanda, mtetemo utaisha.

Injini baridi, hata hivyo, usiikaripie kwa raundi za juu. Na oili ipime mara kwa mara, maana ikipungua, raundi za juu kweli zitaua.

Mimi R15 ningeikataa kwa sababu nyingine: mkao wake wa kuinama kwenye foleni ya Jinja Road ni mateso ya viganja. Pikipiki nyingine ya Yamaha, MT-15, ina injini ileile, na usukani wake umeinuka.