Msalaba wa Fort Jesus na yale maswali ya getini

Tangu zile video zianze kuzunguka WhatsApp tunaulizwa kitu kimoja kila siku pale getini, eti Fort Jesus, hii ngome ya Wareno hapa Mombasa, ni ngome ya vita vya msalaba, mbona inatunzwa, na juzi tumekuta mtu kakwaruza ukuta kwa ufunguo. Jamani.

Uhusiano upo, hatuufichi. Wale Templar, watawa-askari wa Kikristo waliopigania Jerusalem kwenye vita vya msalaba, Papa aliwavunja 1312, lakini Ureno mali zao hazikupotea, 1319 kikaundwa Chama cha Kristo kikazirithi, na msalaba mwekundu wa chama hicho ndio uliokuwa kwenye matanga ya Mreno Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498.

Ila kutoka hapo mtu aruke aseme pwani hii ilikuwa Waislamu huku Wakristo kule, hapana, na hili nimelirudia mpaka nimechoka. Mfalme wa Malindi alikuwa Mwislamu na ndiye aliyempokea Mreno, wakashikana dhidi ya Mombasa, na ngome ilipoanza kujengwa 1593, mfalme wa Malindi wa wakati huo akahamia Mombasa kutawala. Mjukuu wa ukoo huo, Yusuf bin Hasan, baba yake aliuawa kwa njama ambayo Wareno walikuwemo, mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno kule India, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa awe mfalme, na 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu. Dini imo, na damu ya baba imo, sasa utamweka upande gani?

Tuje kwenye sheria. Mle ndani kuna michoro ya askari wa Kireno, meli na samaki, wamechora kwa mkaa na udongo mwekundu, na jasho la kidole tu linaifuta. Usiguse. Kuharibu turathi ni kosa, unapelekwa kortini, ni faini au kifungo au vyote viwili, na "sikujua" haikusaidii.

Na ukichimba msingi au choo ukakuta sarafu, kigae au risasi ya mzinga, iwe na msalaba iwe na maandishi ya Kiarabu, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inakupa siku 7 utoe taarifa kwa Makumbusho, useme ni pahali gani hasa na umekipataje, kisha ukabidhi kitu chenyewe. Usikioshe wala kukisugua kwa brashi, kilete na mchanga wake.