Kabla ya arobaini: familia iliyofiwa hospitalini ianzie wapi?

Wengi wanaoshuku kwamba ndugu yao alikufa hospitalini kwa uzembe hutufikia kwenye meza ya msaada wa kisheria baada ya arobaini, wengine baada ya mnada wa korosho, nauli ya kuja Mtwara mjini ikishapatikana. Kufikia hapo ushahidi mwingi umeshapotea, na hilo hutuumiza kila mara.

Si kila kifo cha hospitalini ni uzembe. Mdai lazima athibitishe kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango cha mtaalamu makini, na kwamba upungufu huo ndio uliomuua marehemu, si ugonjwa wenyewe. Hili la pili ndilo gumu. Bila uchunguzi wa maiti, hata daktari shahidi atabaki kukisia. Huku kwetu tunazika upesi, na ni heshima kwa marehemu. Lakini kama mna shaka, semeni kabla maiti haijatoka mochwari. Akishazikwa, kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama.

Mama mmoja wa Newala alituletea daftari la shule la mjukuu wake. Ukurasa wa mwisho, kwa penseli: binti kaingia wodini saa 2 usiku, damu imeanza saa 5, nesi kaitwa saa 5 na nusu, daktari kafika saa 9. Ukurasa ule ulitupa pa kuanzia. Tuliliomba hospitali faili la matibabu yake kwa barua, tukalinganisha saa kwa saa. Nanyi andikeni hivyo hivyo, mkiwa bado mnakumbuka. Kadi ya kliniki na risiti msitupe.

Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi wana baraza lao. Mabaraza haya huweza kumwadhibu mhusika, ila hayatoi fidia. Fidia hudaiwa mahakamani, na mwenye kudai kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kikao cha ukoo cha kumpendekeza kisicheleweshwe. Hospitali ikiwa ya serikali, notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki hutangulia, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye kesi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo Mtwara ipo. Ukomo wa madai ya uzembe, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ni miaka 3.

Asiye na uwezo wa kuweka wakili amuulize afisa maendeleo ya jamii walipo wasaidizi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaada wao ni bure.