Ovari moja haimaanishi nusu ya uzazi

Kaa saluni yoyote pale Majengo, Dodoma, utasikia: fulani katolewa ovari moja (kiungo cha mwanamke kinachotunza mayai ya uzazi), sasa atapata hedhi mwezi mmoja na kuruka unaofuata, na mtoto asahau. Si kweli.

Ovari hazipeani zamu. Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua pande zote mbili, kisha kwa kawaida kimoja huvipita vingine na kutoa yai. Upande uleule unaweza kurudia mwezi unaofuata. Ikibaki ovari moja yenye afya, ubongo huendelea kutuma homoni zilezile, nayo hupevusha yai karibu kila mwezi. Hata mrija wa uzazi wa upande wa pili unaweza kulidaka yai hilo.

Na hofu ya mayai kuisha? Msichana huzaliwa nayo kama milioni 1 hadi 2, na yanayopevuka maishani ni kama 400 hadi 500 tu. Ila kwa mwenye ovari moja, ukomo wa hedhi huweza kuwahi kidogo.

Mimba ikikawia mwaka mzima, au miezi 6 kwa aliyefikisha miaka 35, wapimwe wote wawili, mke na mume. Mirija huziba, na mbegu za mume nazo huwa chache, ila yeye ndiye hukwepa kipimo.