DDT na maneno ya barazani

Wapiga dawa wa mbu wakiingia mtaani, Unguja au Pemba, barazani hakosekani wa kusema, "Haya, wamekuja na DDT yao." Siyo. Upigaji dawa majumbani ulioanza Zanzibar mwaka 2006 ulitumia lambda-sihalothrini, dawa ya ukoo mwingine kabisa. DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikuwa silaha ya kampeni ya zamani ya kutokomeza malaria, iliyokoma mwaka 1968.

Wengine husema kampeni ile haikufaa kitu, mbona malaria ilirudi? Ilirudi baada ya kupiga dawa kusimamishwa. Kabla ya hapo ilikuwa imeshuka sana.

"Ikinuka ndiyo kali." DDT safi ni chembechembe nyeupe, karibu hazina harufu. Kinachonuka mara nyingi ni mafuta iliyoyeyushiwa.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba chenye klorini chote ni sumu. Chumvi ya mezani nayo ina klorini! Tofauti iko kwenye kushikana kwake. Ndani ya chumvi klorini huachana na sodiamu mara tu inapoingia majini. Ndani ya DDT atomu tano za klorini zimefungwa kwenye kaboni 14 na hidrojeni 9, na umbo hilo maji hayaliwezi. Huyeyuka kwenye mafuta. Hapo ndipo penye uzuri wake na ubaya wake. Ukutani hukaa miezi, ikimsubiri mbu aliyeshiba damu aje kutua. Humwingia kwa miguuni, ikamvuruga mishipa ya fahamu, akatetemeka hadi akafa. Paul Müller, mkemia wa Uswisi, aliigundua kazi hiyo mwaka 1939, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini ikipelekwa shambani hudumu miaka udongoni, ikaingia kwenye samaki, ikafanya maganda ya mayai ya ndege kuwa membamba, na kwa binadamu ikajikusanya kwenye mafuta ya mwili, hadi kwenye maziwa ya mama.

"Imepigwa marufuku dunia nzima." Marekani iliizuia mwaka 1972, ndiyo, lakini Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zisizooza upesi, uliacha mlango wazi kwa nchi zinazoihitaji dhidi ya wadudu waenezao maradhi.

Na yule anayenyunyizia kunde zake DDT zisibunguliwe, akijipa moyo kwamba ataziosha kabla ya kupika, ataziosha kwa kitu gani? Maji hayaiyeyushi.