Mashindano ya Kengele: Majaji Wanasikiliza Nini?

Nikiwaambia jamaa zangu wa nyumbani kwamba Jumamosi nitakuwa kwenye mashindano ya kupiga kengele za kanisa, huniuliza: mnashindana nini sasa? Nguvu? Sauti kubwa? Swali lao ni la haki. Kengele tuliyokua nayo sisi ni ya kuita watu. Inalia, unajua ibada imekaribia, basi. Parokia isiyo na kengele hutundika rimu ya gari kwenye mwembe, mzee wa kanisa akaigonga kwa nondo, na waumini wanakuja vilevile. Pale Kengeleni, Mombasa, ipo ile kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha miaka ya 1870. Hiyo ilikuwa pia ya kuonya watu hatari inapokuja. Kengele moja, ujumbe mmoja. Cha kushindania hakipo.

Huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mimi hupiga, mnara wa kijiji kidogo unaweza kuwa na kengele sita au nane, kila moja na mtu wake. Nazo hazining'inii tu zikayumbishwa. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu kubwa la mbao lenye kamba. Kabla ya kuanza tunaipandisha taratibu, kila mvuto ukiipeleka juu zaidi, mpaka isimame mdomo wazi kuelekea mbinguni. Ukiivuta kutoka hapo inaanguka, inazunguka karibu duara zima, ulimi unaigonga mara moja, kisha inapanda na kusimama tena mdomo juu upande wa pili. Mvuto unaofuata unairudisha ilikotoka. Kengele ndogo huenda ikawa na kilo 250, kubwa ikafika tani moja. Katika Kanisa Kuu la Liverpool, lenye seti nzito kuliko zote duniani za namna hii, ile kubwa inazidi tani nne.

Sasa fikiria. Kitu cha kilo mia kadhaa kinazunguka juu ya kichwa chako, wewe uko chumba cha chini umeshika kamba. Huwezi kukifanya kilie pale unapotaka. Una uhuru mdogo sana: kukiachia kikae kileleni nukta moja zaidi, au kukivuta kabla hakijafika kileleni. Kwa sababu hiyo kengele haiwezi kuruka nafasi tatu au nne kwenye mstari. Inaweza kubadilishana na jirani yake tu, kisha mstari unaofuata ikabadilishana tena. Ndiyo maana hatupigi nyimbo. Tunaanza na mteremko, kutoka sauti ya juu hadi ya chini, 1 2 3 4 5 6, kisha tunaubadilisha: 2 1 4 3 6 5, 2 4 1 6 3 5, na kuendelea, bila kurudia mstari uliokwisha kupigwa.

Hesabu yake inatisha haraka. Kengele sita zina mipangilio 720. Saba zina 5,040, na hiyo ndiyo kazi ya saa tatu hivi ambayo wapigaji wa Norwich, katika kanisa la St Peter Mancroft, waliimaliza tarehe 2 Mei 1715, ya kwanza inayokubalika kuwa kamili na sahihi. Nane zina 40,320. Mwaka 1963 watu wanane waliipiga yote huko Loughborough kwa karibu saa 18, bila mtu kupokezwa kamba. Wala hakuna karatasi mbele ya mpigaji. Wanaofuata mfumo huo wa kubadilisha mpangilio kila mstari, uitwao wa mbinu, huihifadhi njia ya kengele yao kichwani.

Devon kuna mkondo mwingine, na ndio ninaoupenda. Kiongozi anaita kwa sauti, "mbili mfuate tatu!", kengele mbili zinabadilishana, na mpangilio mpya unarudiwa mara kadhaa mpaka aite tena. Wanaojua mbinu ngumu huwadharau kidogo watu wa miito. Wanasema ni kazi ya wanakijiji wasiotaka kusumbua ubongo. Waache waseme. Mpangilio mmoja ukirudiwa, sikio la msikilizaji linapata muda wa kuuzoea, na kosa lolote linajitokeza wazi. Huna pa kujificha.

Hapo tumefika kwa majaji.

Wanachosikiliza ni nafasi kati ya mlio na mlio. Wamama watatu wakitwanga kinu kimoja, kila mchi unaingia kwa zamu, na masikio yako yanajua mara moja anayechelewa hata kama hujawatazama. Jaji anafanya hivyohivyo kwa kengele sita. Mstari mmoja wa kengele sita huchukua kama sekunde mbili, hivyo kati ya kengele na kengele kuna takribani theluthi ya sekunde. Ukiwa na kengele kumi na mbili, nafasi hiyo inabana hadi kama moja ya tano ya sekunde. Kengele ikiwahi au ikichelewa kidogo tu, milio miwili inakaribiana na shimo linabaki upande wa pili. Jaji anaandika: robo ya kosa, nusu, au kosa zima. Mwisho anajumlisha, na timu yenye makosa machache ndiyo mshindi. Hakuna maksi za ziada kwa umahiri wa mtu binafsi. Mpigaji hodari anayesimama katikati ya watano wanaoyumba ataanguka nao, na mara nyingi ndiye anayeonekana kukosea, kwa kuwa yeye peke yake yuko pale ambapo kengele ilipaswa kuwa.

Majaji hawawaoni wapigaji. Wanakaa ndani ya gari au chumba kilicho karibu na kanisa, dirisha wazi, wakiwa na kalamu na daftari. Zamu za timu hupangwa kwa kura, na jaji hapewi majina. Kwake hao ni timu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfumo huu naupenda kuliko kitu kingine chochote katika mchezo wetu. Vijijini kila mtu anamjua kila mtu, na bila pazia hilo pasingekuwa na amani.

Mashindano ya Devon yana jambo ambalo sehemu nyingine za Uingereza limepungua: kupandisha na kushusha kengele nako kunahukumiwa. Timu inaanza kengele zikiwa mdomo chini, zimetulia, inazipandisha zote kwa pamoja huku zikilia kwa mpangilio, inapiga miito yake, kisha inazishusha pamoja. Mgeni atadhani sehemu ngumu ni ya katikati. Timu nyingi hupotezea kikombe kwenye kushusha. Kadiri kengele zinavyoshuka ndivyo mzunguko unavyofupika na mwendo unavyoharakika, kamba inakuwa ndefu mikononi na lazima uikunje huku unapiga, na kengele kubwa haina haraka sawa na ndogo. Wote lazima washuke kwa kasi moja, wamsikilize anayeongoza kwenye kengele ndogo, wafike chini pamoja. Timu ikishusha vizuri, hata watu waliokuwa wanakunywa chai uani hunyamaza.

Kisha kuna ukaidi wa mnara wenyewe. Kengele nyingine ulimi wake hugonga mapema ukivuta kwenye kishikio cha sufu kilichofumwa kwenye kamba, halafu ukachelewa ukivuta mwisho wa kamba. Ukipiga kwa macho, kwa kuangalia kamba za wenzako, utakuwa sahihi kwa macho na umekosea kwa sikio. Timu za wageni hupewa dakika chache tu za kuzijaribu kengele kabla ya kuhukumiwa, na katika dakika hizo unawatambua wapigaji halisi: hawazungumzi.

Kushindana kwenyewe ni kwa zamani. Karne ya 18 na ya 19 wenye baa walitangaza zawadi: kofia zenye utepe wa dhahabu, fedha, na baada ya hapo bia mpaka usiku. Wapigaji wengi hawakuingia ibadani hata kidogo. Walipiga, wakashuka, wakaenda kunywa. Makasisi walichukia. Mmoja wao, Henry Thomas Ellacombe, alibuni kifaa mwaka 1821 huko Bitton, Gloucestershire: nyundo zimefungwa chini ya kengele, kamba zote zinakuja kwenye fremu moja ukutani, na mtu mmoja anazigonga zote peke yake. Wapigaji wakaidi hawakuhitajika tena. Kifaa chake bado kipo kwenye minara mingi, mara nyingi kimejaa vumbi, kwa sababu ladha yake haifanani kabisa na kengele inayozunguka.

Ugomvi ule haujaisha moja kwa moja. Hadi leo wapo wanaosema kengele ni za ibada na kuzishindania ni kuzishusha hadhi. Siafikiani nao. Timu isiyoshindana huzoea makosa yake mpaka yanakuwa mtindo wa kijiji, na wanaopata tabu ni majirani wanaoyasikia kila Jumapili. Jaji mgeni akikusomea mbele ya watu kwamba kengele ya nne ilichelewa tangu mwanzo hadi mwisho, utaondoka na kitu cha kufanyia kazi mwaka mzima. Kwa wenye kiu ya juu kabisa yapo mashindano ya kitaifa ya kengele kumi na mbili, yaliyoanza mwaka 1975, ambamo timu ya Birmingham imetwaa kombe mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Yapo pia ya vijana, na ukitaka kusikia furaha nenda hayo: watoto wa shule wanapiga kwa unyoofu unaowaaibisha wazee.

Siku za kengele za jamii ni habari nyingine. Hizo hazina jaji. Mnara unafunguliwa, watu wa mtaani wanapanda ngazi nyembamba, wanaona kengele, wanajaribu kamba wakisimamiwa. Siku nyingine kinaletwa kijimnara cha kubebwa kwa trela, chenye kengele ndogo sita zinazozunguka kama zile kubwa, kikasimamishwa kwenye uwanja wa maonyesho ili mtoto avute bila kupanda popote. Mwaka 2018, kwa kuadhimisha miaka mia tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vikome, ulifanyika mwito wa kuandikisha wapigaji wapya 1,400, idadi iliyotajwa ya wapigaji waliokufa vitani. Wakapatikana hata zaidi ya hao.

Ila niseme ukweli kuhusu siku hizi. Nyingi zinaishia kwenye keki. Wageni hamsini wanapanda, wanapiga picha, wanasifu, wanashuka, na wiki inayofuata mazoezini ni walewale sita wenye mvi. Inayofaa ni siku ambayo mgeni haondoki mlangoni bila kupangiwa somo lake la kwanza ndani ya wiki hiyohiyo, kwa jina na saa. Shauku ya kengele hupoa haraka, na mafunzo yanahitaji uvumilivu: saa nyingi za somo la mtu mmoja na mwalimu wake kabla hujaaminiwa kengele peke yako, na hapo bado hujaanza kupiga na wenzako. Siku hizi minara mingi hufunga ulimi wa kengele usigonge, na kifaa cha kompyuta kikatoa mlio ndani ya chumba tu. Mwanafunzi anasikia makosa yake, mtaa haujui.

Wengi huuliza kama ni hatari. Kengele ikisimama mdomo juu, kipande cha mbao huizuia isipinduke kupita kiasi. Ukiivuta kwa pupa kipande hicho huvunjika, na kimetengenezwa makusudi kivunjike, kuliko kuvunjika kitu kikubwa zaidi. Tatizo huja pale mtu anapoendelea kung'ang'ania kamba. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa ni kuachia: mwalimu akisema achia, unaachia na kurudi nyuma, yeye atajua la kufanya.

Kama unaishi Uingereza na umewahi kuzisikia asubuhi ya Jumapili ukajiuliza, minara mingi hufanya mazoezi jioni moja kila wiki, na ukisikia kengele zinalia jioni ya katikati ya wiki basi wapo. Subiri zinyamaze, gonga mlango wa mnara, sema unataka kujifunza. Nje ya Uingereza minara ya namna hii ni michache, ingawa Afrika ipo Afrika Kusini na Zimbabwe. Hutaulizwa dini yako wala kama unajua kusoma noti. Vaa viatu vilivyofungwa vizuri na uvue skafu, kwa kuwa kamba ikipanda hupanda na chochote kilichoinasa.